Kabla ya Kupiga Vigelegele

Mwanangu, kuna asubuhi moja hunirudia kila nikiona treni za hapa Sydney zimesimamishwa kwa matengenezo na mabasi yamepangwa nje ya stesheni kubeba abiria. Nilikuwa kijana, au tuseme nilikuwa bado najiita kijana. Nilikuwa napanga karibu na Wetherill Park, nafunga mizigo kwa nailoni ghalani, halafu narudi kulala kwenye kitanda ambacho mwenzangu wa zamu nyingine amekiacha kikiwa bado na joto lake. Jumapili hiyo niliamka, nikatazama dari, nikaona nikikaa pale wiki nyingine nitazeeka. Nikatia nguo kwenye begi, nikaacha ufunguo mezani, nikatoka. Sikuwa na mpango wowote. Ndivyo nilivyoacha shule darasa la sita kule Korogwe, na ndivyo nilivyoacha karibu kila mahali tangu hapo. Sikuwa na hasira na mtu. Ni miguu tu, na hamu ya kujua barabara inaishia wapi.

Najua si safari zangu ulizoniuliza. Umeniuliza kama ujiunge na chama, kwa sababu rafiki yako anataka kuteuliwa agombee ubunge, na anatafuta wanachama wa kumpigia kura ndani ya tawi. Nimekaa na swali lako siku kadhaa. Jibu fupi sina. Nina hiyo Jumapili, basi nivumilie. Siku hizi hata kusimulia kunanichosha.

Nje ya stesheni ya Fairfield nilimkuta mama wa Kikongo amesimama na sufuria kubwa la sombe, kisamvu cha kwao, limefungwa kwa kitenge, ametoka kulipikia kwa dada yake Villawood. Dereva wa basi alilitazama sufuria, akamwambia kwamba likimwagika atalisafisha mwenyewe. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba tumetoka wote nyumbani.

"Baba, weye ni mutu wa wapi?"

"Tanzania, mama."

"Basi uko na Swahili ya kitabu. Shika huku. Ukimwaga, sitakuelewa hata kwa kitabu."

Nikashika. Hakuniuliza naenda wapi. Tulikaa viti vya nyuma, sufuria katikati yetu kama mtoto anayelala, na njia nzima akanieleza habari za binti yake, Zawadi.

Zawadi alikuwa Kanada. Walipotoka kambi ya wakimbizi, karatasi za mama zilimleta huku, za binti aliyekuwa ameshaolewa zikampeleka kule, kwenye mji wa baridi wenye kiwanda kikubwa cha nyama. Alianza kwa kukata nyama, akaja kuwa mtu wa kuwasemea wenzake zamu zikipangwa vibaya. Sasa alitaka kugombea ubunge. Lakini kule, kama hapa, kama kwetu, kabla wananchi hawajakuchagua lazima chama chako kikuteue, na aliyetaka nafasi hiyo hakuwa peke yake. Kulikuwa na bwana mmoja, rafiki wa wakubwa. Miezi yote ya theluji Zawadi alikuwa akigonga milango ya Wakongo, Warundi, Wafilipino, watu ambao hawajawahi kuwa na kadi ya chama chochote, akiwaomba wajiunge ili siku ya kura za maoni waje ukumbini. Nao walijiunga. Kura ilikuwa Jumamosi ya kwao, ndiyo Jumapili yetu.

"Leo ndio leo," mama aliniambia. "Utakula kwangu. Mutu aliyebeba chakula hawezi kuendaka na njaa."

Nyumba yake ilikuwa Blacktown. Sebule ilikuwa imejaa watu wa kanisani kwao, na Mkenya mmoja, nesi, Wanjiru, aliyetoka kazini na sare yake, amevua viatu. Aliponiona na begi akasema, "Huyu naye ni nani? Mama Zawadi, umeokota mtu stesheni?"

"Nimeokota wa kubeba sufuria."

"Na begi je?"

"Begi ni lake. Wacha maswali, leta sahani."

Tukangoja. Wali ukapoa, mtu akaupasha tena. Simu ya Mama Zawadi ilikuwa juu ya kabati la vyombo, na kila ilipotikisika sebule nzima iliigeukia. Mwishowe ukaja ujumbe wa mpwa wake, Espoir, aliyekuwa kule na Zawadi. Ulikuwa mfupi, kwa Kiingereza: mambo yamekwisha, mgombea amekuwa "acclaimed".

Mama akatazama huku na huku. "Hii neno ni nini?"

Hapo ndipo mimi nilipofungua mdomo. Unajua sikusoma, lakini tangu utoto sipiti neno bila kulipekua, na kamusi yangu ya kukunjika ilikuwa imezunguka nami nchi nyingi. Neno lile nililijua. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Kushangiliwa. Wamemshangilia, mama. Ukumbi mzima."

Wanjiru akaitikia, "Ni kweli, ndio maana yake." Na ni kweli, mwanangu. Fungua kamusi yoyote utaliona.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Mama Zawadi alipiga magoti kwenye kapeti. Wanawake wakamzunguka, kitenge kilichofunga sufuria kikawa bendera, jirani wa Kihindi akachungulia juu ya ua kutaka kujua nani ameoa. Mtu akanikumbatia mimi, ambaye saa moja kabla sikuwa najulikana hata jina. Nikajisikia nimefika mahali.

Simu ikaita. Ni Zawadi mwenyewe. Mama akaiweka sauti ya juu ili tusikie wote.

"Mama, kwenu kuna harusi?"

"Tunakushangilia weye, mtoto wangu."

Tukasikia upepo wa kule alikosimama.

"Mama, mimi wamenikata jina. Jana usiku. Makao makuu yamesema sifai kugombea, na wamesema hawalazimiki kutoa sababu."

"Na hawa waliokushangilia? Espoir ameandika acclaimed."

"Hakuna aliyeshangilia. Ukumbi haukufunguliwa hata. Huku mtu akibaki peke yake, kura haipigwi, na huyo ndiye wanayemwita hivyo. Ni neno lao tu."

Nikasikia mdomo wangu ukisema polepole, "Kupita bila kupingwa."

Maneno hayo nilikuwa nayo tangu utoto. Kila uchaguzi, kwetu, redio ilikuwa ikiyasoma: fulani kapita bila kupingwa, fulani naye kapita bila kupingwa. Nilikuwa nimeyabeba kuvuka bahari zote, na siku yalipohitajika nikaenda kuazima mengine kwenye kamusi.

Wanjiru akatazama miguu yake. Mwenye kitenge akakikunja. Zawadi akasema watu wake wa kiwandani walikuwa wameomba ruhusa ya zamu, wako nje kwenye theluji mbele ya mlango uliofungwa, na wanasema wanarudisha kadi za chama sasa hivi. "Wananitazama mimi, Mama. Niwaambie nini?"

Mama Zawadi alikuwa bado kwenye kapeti. Nilidhani atalia. Akasema, "Waambie hukushindwa. Hukushindanishwa. Ni vitu mbili tofauti."

"Na kadi?"

"Kadi wakae nazo. Wakizirudisha, kesho wakubwa watasema hapakuwaka na watu."

"Mama, nimechoka."

"Najua. Uende ulale. Lakini kwanza uwaambie."

Simu ilipokatika watu waliondoka mmoja mmoja, kama wanavyotoka msibani, kila mmoja na sombe kidogo kwenye bakuli. Wanjiru akaniaga mlangoni. "Usijilaumu, boss. Hata mimi nilisema ndio." Lakini hakucheka.

Nikachukua begi langu. Nilikuwa fundi wa kuondoka, mwanangu. Kila mahali palipokuwa pazito, miguu yangu ilijua mlango ulipo. Mama Zawadi alikuwa jikoni amenipa mgongo.

"Sasa unaendaka wapi?"

"Sijui, mama."

"Ona. Hilo neno unalijua. Kwa nini mchana hukulisema?"

Akanipa sifongo, nikaanza kuosha. Akasimama kando yangu akifuta sahani, na akanikaripia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiye na nguvu ya kugomba.

"Kiingereza yako si mbaya. Mi sikukasirikii kwa Kiingereza. Lakini ile ujumbe, uliona jina la mtoto wangu pale?"

"Hapana."

"Ni mgombea tu. Mgombea gani? Hukuuliza, na mimi mama yake sikuuliza. Tumeimba. Wale wazee kule wamefunga mlango, halafu wamepata na mutu wa kuwaimbia huku Australia. Bure."

Tulipomaliza alifungua chumba cha nyuma, kando ya gereji. Kulikuwa na godoro, kreti za soda, na mfuko wa unga. Akasema nilale hapo mpaka nijue naenda wapi. Nikalala miaka mitatu.

Usitarajie nikuambie kwamba Zawadi baadaye akawa mbunge. Hakuwa. Watu wake walikaa na kadi zao, wengi wao, wakawa wanaenda kwenye kila mkutano wa tawi na kuuliza swali lilelile: jina lilikatwa kwa nini? Wakachosha watu, na wao wenyewe wakachoka. Uchaguzi uliofuata ukumbi ulifunguliwa. Zawadi akasimama, wakasimama na wengine, kura zikahesabiwa mbele ya watu, akashindwa. Alipopiga simu mimi nilikuwa pale sebuleni. "Mama, leo nimeshindwa," akasema, "wamehesabu mbele yangu." Mama Zawadi akauliza kwanza, taratibu, nani amepata, nani alikuwa wa pili, nani amekatwa. Hakuna aliyekatwa. Basi akashusha simu, akapiga vigelegele peke yake, virefu, hadi jirani wa Kihindi akachungulia tena.

Mwanangu, umri huu nimeviona vyama vingi, katika nchi nyingi, nikipita. Siwezi kukuambia kipo kisafi. Mlango wa makao makuu hufungwa kwa namna ileile kila mahali, na mfungaji huwa ana tabasamu. Lakini hili nakuachia. Ukitaka kujiunga, jiunge, ila usijiunge kwa ajili ya rafiki yako peke yake, maana akikatwa utaondoka naye, na hilo ndilo wanalolingoja. Ukiletewa habari ya ushindi, hata wa mtu wako, usiimbe kwanza. Uliza jina. Kisha uliza nani alibaki nje ya mlango, na kwa nini. Wakikujibu kwa neno usilolijua, sema hulijui, hata kama wote wanakutazama. Na wakija kuandika kwamba watu walishangilia, hakikisha kulikuwa na mtu mmoja ukumbini aliyenyamaza akijua anachonyamazia, na mtu huyo awe wewe.

Mungu akupe subira ya kukaa pale ambapo mimi ningeondoka. Akupe mtu wa kukukaripia huku mnaosha vyombo. Na siku ukishindwa, ushindwe mbele ya watu, kwa hesabu, na nyumbani awepo wa kukupigia vigelegele. Amina.