Dawa Isiyostahimili Jua

Kwandu alikuwa na miaka thelathini na nne alipoanza kukonda. Alikunywa maji mtungi mzima, muda mfupi baadaye kiu ikarudi, na magauni yakamning'inia kama yameazimwa. Ngassa, mume wake, akampakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Huko wakaambiwa ni kisukari, kile cha kuchoma sindano maisha yote.

Walikuwa Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Walijenga pembeni mwa kijiji chetu hapa Biharamulo, mbali na sisi Wasubi, ili mifugo ipate nafasi. Kwandu aliiweka chupa ya dawa juu ya kabati, karibu na bati, mahali ambapo watoto wa nyumbani wasingefika. Alijichoma asubuhi na jioni, hakukosa hata siku moja. Mwezi haukuisha akaanguka shambani, akipalilia maharage.

Akakimbizwa kituo cha afya pamoja na chupa yake. Benedicta, muuguzi wa pale, aliinua ile chupa dirishani akaitazama.

"Umeiweka wapi siku zote hizi?"

"Juu ya kabati, nesi. Watoto wasiiguse."

"Chini ya bati?"

"Ndiyo."

Benedicta hakumfokea. Alivuta kiti akakaa. "Ukichemsha yai, ute wake unakuwaje?"

"Unaganda, unakuwa mweupe."

"Ukilipoza, unarudi kuwa kama mwanzo?"

"Haurudi."

"Basi dawa yako na ule ute ni ndugu. Vyote ni protini. Insulini ni vipande vidogo hamsini na kimoja vilivyoungana kama shanga katika nyuzi mbili, halafu nyuzi hizo zimekunjwa kwa namna moja tu. Huo mkunjo ndio unaofanya kazi. Unafungua njia, sukari inatoka kwenye damu inaingia mwilini. Joto likiukunjua, shanga zote zipo, lakini kazi hakuna. Mwanangu, ulikuwa unajichoma maji."

Kwandu aliinama. "Na nikiinywa? Mama mkwe anasema sindano zinanimaliza."

"Tumbo litaikatakata kama linavyokata maharage na nyama. Haitafika ikiwa nzima."

Akapewa chupa mpya, akafundishwa kuihifadhi katika vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga wa kumwagiwa maji kila siku ili ndani kuwe na ubaridi. Akaviweka kwenye kona yenye kivuli, na afya ikarudi. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Kisha malisho yakapungua. Ngassa akaamua kuhamia kusini, upande wa Katavi, ambako ndugu zake walikuwa wamepata mbuga.

"Ni wiki tatu kwa miguu, mama Nshoma," alimwambia mkewe. "Vyungu vyako tutavibeba."

"Vyungu vinataka kivuli, baba Nshoma. Njiani ni jua kutwa nzima. Dawa ikiharibika siku ya nne, mtanizika porini."

"Basi nibaki na wewe."

"Ng'ombe watakufa. Nenda. Ukipata mahali penye hospitali karibu, nitakuja kwa basi."

Wakaondoka wote: Ngassa, mama yake, binti yao Nshoma na mumewe, na watoto wao. Sisi majirani tulisikia kengele za ng'ombe mpaka zikapotelea mbali. Kwandu hakutoka nje kuwasindikiza. Alikuwa ndani anamwagilia mchanga.

Ngassa alirudi baada ya miaka miwili, akakaa siku nne. Hakumdanganya. Walipohamia, hospitali iko mwendo wa siku nzima, na joto la kule linashinda la huku. Alikuwa ameoa mke mwingine. Kwandu alimsikiliza mpaka mwisho, akampikia, akamuuliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Siku ya tano akamsindikiza hadi stendi.

Sasa anaishi peke yake. Analima maharage na mihogo, na kila mwezi anakwenda kuchukua chupa mpya. Tunamkaribisha, naye anakuja kwenye misiba na arusi, anakaa pembeni, anakula kidogo kwa kipimo. Anazungumza nasi Kiswahili, kwa kuwa Kisubi kimemshinda. Nshoma hupiga simu mtandao unapokubali.

Mwezi uliopita nilikuwa naye gulioni. Mfanyabiashara wa mchele, mgeni, alikuwa anabishana na mwenzake kwa Kisukuma, wanagombania turubai. Kwandu alisimama kando ya magunia yao. Hakununua kitu, wala hakuwasalimu. Nilimwambia twende, mvua inakuja.

"Tangulia, dada," akasema. "Nakuja."

Nikatangulia. Nilipofika kwenye kona nikageuka, nikamwona bado amesimama palepale, kapu tupu mkononi, anawasikiliza.