Nililiachia Goli, Lawama Akabeba Beki Wetu

Admin, nifichie jina, huku tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini, mkulima wa korosho hapa Nachingwea, nina mke na watoto wanne. Hili sijawahi kumwambia mtu, na kila nikilikumbuka najionea kinyaa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kipa wa timu yetu, mabingwa wa ligi ya wilaya. Kule kwa wakubwa bingwa wa ligi alikuwa anakutana na mshindi wa kombe la taifa, basi na sisi tukaiga. Tukapangiwa wenzetu wa Ruangwa waliobeba kombe la mkoa, zawadi ikiwa ng'ombe dume.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wa wakubwa wa ile timu ya Ruangwa. Sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa, na mimi nilikuwa nimempenda binti wa Lionja. Mjomba alikataa kwenda kuniposea, tukafikia kutosalimiana, na mji mzima ulijua. Siku mbili kabla ya mechi akaniita shambani kwake Mbwemkuru. Alikuwa ametoka kula, anajichokoa meno.

"Mpwa wangu, posa nitaipeleka. Ila lile dume nalitaka Ruangwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

Hadi leo nikiona mtu anaongea huku anajichokoa meno, nainuka nilipokaa na kuondoka.

Tulicheza bila kufungana mpaka dakika za mwisho. Ukaja mpira mwepesi, hauna hata nguvu. Beki wetu Hamisi alikuwa anauwahi, nikamwambia auache, ni wangu. Akauacha. Nikaruka kwa kuchelewa makusudi, ukaingia. Hamisi alidhani nimeteleza, akaniinua, akanipangusa vumbi mgongoni.

Viongozi wetu walisema mechi imeuzwa. Badala ya kutuhoji, wakatupeleka timu nzima kwa mganga, tukakalishwa chini kwa mstari. Yule mzee alituzunguka na usinga wake, akanipita mimi, akamgusa Hamisi begani. Watu wakaridhika papo hapo, kwa sababu mpira ulipita miguuni kwake na mama yake ni mzaliwa wa Ruangwa. Mimi nilijulikana nimegombana na mjomba, nani angenishuku? Katika uwanja ule wa mganga ni mimi tu niliyejua kwamba anadanganya, na nilitikisa kichwa kukubali kama wenzangu.

Hamisi alivuliwa jezi palepale. Mama yake alikuwa anauza mihogo sokoni, ikawa anarudi nayo nyumbani yote. Wanawake waliokuwa wanamkopa chumvi wakawa wanatema mate akipita. Mwezi haukuisha, wakahamia Marambo. Mjomba naye akanitumia paja la yule dume, mama akalipika, na mimi nikala. Wiki iliyofuata posa ikaenda Lionja, na kwa kuwa mwenye kosa alishapatikana, hakuna aliyeuliza tumepatana lini.

Mjomba alishafariki. Sasa maveterani wameandaa mechi ya kukumbushia ile ya zamani, na wamemwalika kila mtu. Hamisi akanipigia simu.

"Kipa, nilikuwa sitaki kuja. Nakuja kwa ajili yako. Wewe peke yako hukunitukana. Na mama nakuja naye, anataka akusalimie."

Nilikata simu nikaenda chooni kutapika.

Nikisema ukweli, yule mama atatembea Nachingwea bila kuinamisha kichwa kabla hajafa. Lakini mke wangu, ambaye nampenda na hana kosa lolote, atajua kwamba aliposwa kwa goli la wizi. Watoto wangu watajua pia. Nikinyamaza, nitakaa mkeka mmoja na yule mama, atanishukuru, na mimi nitaitikia. Sijui kipi kinanichefua zaidi.

Msinihurumie, sistahili. Niambieni tu, nianze kwa nani, mke wangu, Hamisi au mama yake? Wanafika Ijumaa na watafikia kwangu. Mke wangu ameshafua mashuka, na asubuhi hii ameniuliza mama yake Hamisi anapendelea kula nini, amwandalie.