Shilingi Imeshuka

Wiki iliyopita, kwenye dirisha la benki hapa Karatu, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa Endulen. Mwanawe, niliyewahi kumfundisha, anafanya kazi Nairobi, na alikuwa amemtumia fedha za Kenya za kumnunulia baba yake mgonjwa dawa. Karani alimsukumia bunda nene la noti zetu.

“Mbona nyingi kuliko za mara ile, mwanangu? Ameongeza?”

“Hapana, mama. Ametuma zilezile. Shilingi yetu imeshuka.”

Mama akatabasamu. “Basi na vitu vimeshuka.”

Foleni nzima ilicheka. Karani hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaita anayefuata.

Baadaye nilimkuta nje ya duka la dawa, noti zimefungwa kwenye ncha ya shuka lake. Bei ya dawa ilikuwa imezikimbia.

“Mwalimu,” aliniuliza taratibu, “karani amesema imeshuka, mwenye duka anasema imepanda. Nani kati yao hajui Kiswahili?”

Darasani tunafundisha kwamba kupanda na kushuka ni kinyume. Nilimjibu kwamba wote wawili wanakijua.

Akalikaza fundo, akashika njia ya kwao na fedha nyingi kuliko alizowahi kushika, bila dawa.