Sura ya Mwisho ya Safari ya Zuhura

Niliondoka Dar es Salaam mwezi wa tatu kwa sababu ya sura moja iliyokosekana. Nilikuwa mhariri katika shirika dogo la vitabu, na mezani kwangu kulikuwa na madaftari sita ya shule yaliyojaa maandishi ya kalamu ya bluu: tafsiri ya riwaya ya kale ya Kifaransa kuhusu watu wanaosafiri hadi sayari ya Zuhura. Aliyeitafsiri ni Mwalimu Perpetua wa Uvira, nchini Kongo, ambaye aliifanya kazi hiyo akiwa mkimbizi kambini Kigoma, kabla hajahamishiwa Marekani. Daftari la saba liliharibiwa na mvua. Sura hiyo ya mwisho niliipata kwa Kifaransa, nikajaribu kuitafsiri mwenyewe, ikawa kama kiraka cha gunia kwenye kanga mpya. Barua nilizomwandikia hazikujibiwa. Mkurugenzi wangu akaniambia wazi kwamba bila sura hiyo na ridhaa ya mwalimu, madaftari yatarudi kabatini. Nikaomba likizo.

Nilitua Minneapolis saa tisa alasiri. Binamu yangu Hamisi, aliyekwenda kusoma huko akabaki kuwa mhandisi wa madaraja, alinisubiri akiwa amebeba koti la mkewe. Nilidhani ananidekeza. Mlango ulipofunguka, baridi iliniingia puani ikanikausha hadi kooni, nikalivaa lile koti. Nyumbani kwao Richfield ndege zilipita chini chini juu ya paa, na kila mara mazungumzo yalisimama kidogo kisha yakaendelea pale pale yalipokatikia.

Kesho yake Hamisi alikuwa off, kama wanavyosema huko siku ya mapumziko, akanipeleka Inver Grove Heights, alikoishi Mwalimu Perpetua. Mto Mississippi ulikuwa bado na mabamba ya barafu yakigongana taratibu. Mwalimu Perpetua alitufungulia mlango akiwa na sare ya kazi. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Alitukaribisha kwa ugali na sombe, ndiyo kisamvu chetu, akatuuliza habari za Kigoma mtaa kwa mtaa. Nilipotoa madaftari kwenye mkoba, aliyasukuma kando kwa mgongo wa mkono.

"Dada, ule mwalimu alibakia kambini," akasema. "Hapa mie ni mama wa kufua."

Akanieleza kwamba barua zangu alizipata zote. Aliona haya kuzijibu, maana miaka yote hiyo hakuwa ameandika hata sentensi moja. Aliniomba radhi kwa kunisafirisha bure. Sikubishana naye. Nilimwomba ruhusa nimsomee kidogo tu, kwa heshima ya chakula chake, nikafungua daftari la nne, pale chombo kinapoyapasua mawingu ya Zuhura na wasafiri wanaiona nchi kavu kwa mara ya kwanza.

Binti yake Grâce, wa miaka kumi na mitano, alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Tangu tufike, mama alikuwa akimsemesha Kiswahili, naye akimjibu Kiingereza. Nilipofika ukurasa wa pili aliweka kalamu chini, akauliza kwa Kiingereza nani ameandika maneno hayo.

"Ni mie," mama yake akajibu.

Grâce alimtazama kama mtu aliyetambulishwa kwake sasa hivi. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kujikwaa: "Na kisha? Wanafika?"

Mwalimu Perpetua alininyang'anya daftari. Alisoma mwenyewe, kwa sauti ya darasani, hadi chai ikapoa, usiku ukaingia na Hamisi akasahau simu yake iliyokuwa ikilia. Alipomaliza daftari la sita, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ile Kifaransa, uko nayo?" akaniuliza.

Siku tisa zilizofuata tulifanya kazi pamoja. Asubuhi yeye alikuwa kwenye mashuka, mimi kwenye kamusi. Mchana tulikutana mezani, na Grâce akachapa kwenye kompyuta kila ukurasa tuliokubaliana. Tuligombana mara moja tu. Pale wenyeji wa Zuhura wanapowaaga wasafiri, mimi nilitaka waitwe "watu wa kigeni," maana ndivyo Kifaransa kilivyosema. Yeye akakataa kabisa.

"Andika wageni," akasema. "Mtu wa kigeni wanamuangalia tu. Mgeni wanamupikia."

Nikafuta langu.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa mjini Saint Paul, alisimama mbele ya Wakongo wenzake na Watanzania walioalikwa na Hamisi, Waislamu kwa Wakristo, akaisoma sura nzima. Watoto waliokuwa wakikimbizana walikuja kukaa sakafuni. Karibu na mwisho sauti ilimkatika, akampa Grâce karatasi. Binti alisoma ukurasa wa mwisho kwa Kiswahili, polepole, akijikwaa kwenye neno "ng'ambo" na kulirudia mpaka likakubali. Wasafiri walipoiona Dunia tena, akina mama wakapiga vigelegele, na Mwalimu Perpetua akasaini karatasi ya ridhaa juu ya meza ya vyakula, kati ya sambusa na wali.

Nilirudi Dar es Salaam na sura yangu. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena. Kitabu kilitoka mwaka ule ule, jina la mfasiri likiwa kwenye jalada. Safari ile ilinifundisha kwamba kazi ya mhariri mara nyingine ni kumrudishia mtu sauti yake mwenyewe aisikie.

Tulimpelekea nakala ishirini. Wiki mbili baadaye akanipigia simu, nikajiandaa kupokea shukrani.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema Mwalimu Perpetua, "mkato haukai pale. Toleo la pili, murekebishe."