Wote Walinyoosha Mikono, Mama Yangu Akiwa wa Kwanza

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na tafadhali ficha jina langu kabisa, Arusha hii tunajuana. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, naishi Kijenge, sijaolewa.

Nafanya kazi kwenye kampuni inayotafuta wawekezaji wa nishati safi. Mwekezaji anatoa fedha, sisi tunawajengea wafugaji mitambo ya bayogesi, ile inayogeuza kinyesi cha ng'ombe kuwa gesi ya kupikia. Kwa kuwa kuni hazichomwi tena, kampuni za nje zinalipia ule moshi uliopungua, ndiyo biashara ya hewa ukaa. Ila kwanza lazima mtu apite nyumba kwa nyumba kuthibitisha kwamba majiko yanawaka. Mtu huyo ni mimi, na eneo nililopewa ni Kikwe, nyumbani kwetu.

Wa kwetu mnaelewa. Huwezi kuingia kwa mtu, ukatazama jiko, ukaondoka. Utasubiri chai, utakula ndizi, utaulizwa unaolewa lini. Nilikuwa namaliza nyumba tatu kwa siku na bosi anadai ripoti. Nikajiona mjanja. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, nikaomba dakika mbili. Nikasimama kati ya mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, nikasema, "Wazazi wangu, ambaye jiko lake la bayogesi linawaka anyooshe mkono."

Wote wakanyoosha, mama yangu akiwa wa kwanza. Nikajaza fomu kana kwamba nimefika kila nyumba, nikasaini. Ripoti ile ndiyo iliyonipandisha cheo.

Juzi tumeambiwa mkaguzi wa mwekezaji anakuja Alhamisi. Nyumba amechagua mwenyewe, na jina la mama limo. Wala sikuogopa, nilikwenda tu kumwambia afagie jiko. Nikamkuta anapulizia kuni kwenye mafiga, macho mekundu. Nilikuwa nakwenda kila Jumapili lakini nakuta chakula kiko kwenye hotpoti, jikoni siingii. Mtoto gani mimi?

Akaniambia mtambo ulikufa tangu mfereji ulipokauka, kabla hata ya ile Jumapili ya mnada, maji ya kuchanganyia kinyesi yanapatikana mbali. Nikakimbilia kwa majirani wawili, hali ni ile ile. Nikarudi namuuliza, "Sasa mama, ulinyoosha mkono wa nini?"

"Ulikuwa umesimama mbele za watu, mwanangu. Mimi mzazi wako nisinyooshe, ungeonekanaje? Wenzangu waliponiona, na wao wakanyoosha."

Saini ni yangu, na wakifungua fomu moja watafungua zote. Nikimwambia bosi ukweli, kazi imekwenda, labda na polisi, na wale wazazi walioninusuru wataonekana matapeli. Nikinyamaza, Alhamisi inakuja hivyo hivyo.

Leo asubuhi jirani kanipigia. Mama anabeba ndoo za maji tangu kulipopambazuka, anakoroga kinyesi na kumimina kwenye mtambo, goti lake bovu limevimba. Mtambo uliolala muda wote huo hauwezi kutoa gesi kwa siku mbili, mimi najua, ni kazi yangu. Nikampigia kumsihi aache.

"Lisipowaka nitamwambia huyo mgeni jana lilikuwa linawaka," akasema. "Mungu atanisamehe. Wewe ukifungwa, mimi nitazikwa na nani?"

Huyu ni mama aliyenichapa utotoni kwa kudanganya kuhusu yai moja. Sasa anajifunza uongo uzeeni kwa ajili yangu.

Ndugu zangu, nikaseme ukweli ofisini au nisubiri Alhamisi? Nishaurini leo leo, maana kesho alfajiri atabeba ndoo tena.