Nusu Niliyomwambia Kaka

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Nkololo, kaka yangu alipata kazi ya mizani kwa mmoja wao. Alirudi kwa mama kabla msimu haujaisha, amekonda. Malengelenge yalikuwa yamejipanga upande wa kushoto wa mbavu zake, kutoka mgongoni kuja tumboni. Mkanda wa jeshi. Kwetu kila mtu alijua kwamba ncha zake mbili zikikutana, mgonjwa hafiki kesho.

Shangazi alichukua masizi ya chungu akamchora mstari juu ya uti wa mgongo na mwingine kitovuni, mkanda usipite. Kila asubuhi alimfunua shati akakagua. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nikaanza ubishi.

"Hata usipochora, shangazi, hautavuka. Mishipa ya fahamu ya upande mmoja inaishia katikati. Nimesoma."

"Umesoma. Umeuguza nani?"

Kaka alicheka huku ameuma meno. "Msomi, ukikosea, kaburi unachimba wewe."

Haukuvuka. Ulikauka ukaacha makovu meusi. Shangazi alisifu masizi yake, nami nikasifu kitabu changu.

Lakini ukurasa uleule ulisema pia kwamba kijana akipata mkanda apimwe, kwa kuwa huenda ni UKIMWI umeshusha kinga ya mwili, na maradhi mengine yako njiani. Hilo sikulisema. Nilijiambia nangoja apate nafuu. Kweli ni kwamba nilitaka kushinda, na ningelisema, shangazi angenijibu: kumbe mkanda unaua!

Kisha kikaja kikohozi, na jasho la kulowesha shuka, na utando mweupe mdomoni hata uji ukawa unamchoma.

"Twende Bariadi wakakupime," nikamwambia.

"Kunipima nini? Si ulisema mkanda hauui? Haya, haukuniua."

"Kuna jambo sikukuambia." Nikamweleza lote.

Alijivuta akaegemea ukuta. "Jana ulijua hiki, leo unajua kile. Ungekuwa unajua kweli, ungesema siku ileile."

Alikataa mwezi mzima, na alipokubali hakuweza kusimama. Tulimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani.

Bariadi walikuta UKIMWI, na juu yake kifua kikuu. Dawa za kifua zilikuwapo, tena bure. UKIMWI haukuwa na dawa wakati huo, lakini daktari alisema kifua kingetibika kama angewahi. Alimeza vidonge siku tisa.

Siku ya kumi shangazi alinikuta nyuma ya wodi.

"Hayo ya kupimwa, ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilingoja anitukane. Alifunga khanga yake upya, taratibu, akatazama mlango wa wodi ambako mama alikuwa bado analia.

"Mama yako asisikie," akasema. "Amepoteza mmoja, inatosha."