Kuta za Tottenham Zilivyokauka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi, ngazi na ufunguo wa nyumba tupu. Msimamizi wa Mafundi, mzee wa Kijamaika aliyefika London akiwa kijana, aliniambia nisiguse kitu kabla sijanusa. Nikadhani ananitania. Tulipoingia alisimama ukumbini, akavuta pumzi, akasema, "Hiyo harufu ya uyoga ni maji. Tafuta yanakotoka kabla hujashika rangi. Ukianza na rangi, mwakani utarudi hapa hapa."

Mimi nilitoka Voi nikijua kujenga, si kutengeneza. Kwetu nyumba ikichoka mtu hujenga nyingine kando yake. Huku nilikuta nyumba zilizojengwa kabla babu yangu hajazaliwa, zimebanana bega kwa bega, ukuta mmoja ukitumikia familia mbili. Nyumba hizo ndizo zilizonilisha mpaka nikastaafu. Mwajiri wangu alikuwa shirika moja la kupangisha nyumba, na jina lake sina haja ya kulitaja.

Kwanza nilipangwa Croydon, kusini mwa London, kwenye maghorofa mapya. Kazi ilikuwa ya lifti na taa za ngazi, na wapangaji hawakujuana hata kwa sura. Kisha nikawekwa nyuma ya Edgware Road kwa muda mfupi, halafu nikahamishiwa Tottenham, nami nikapanga humo humo, upande wa pili wa barabara niliyoihudumia.

Sitawadanganya ninyi mnaotamani mitaa ya zamani. Ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, panya wanazijua nyumba kuliko wenyewe, na nguo za Jumatatu unazianua Alhamisi zingali na ubaridi. Lakini soko lilikuwa hatua chache tu, ndizi na sukuma wiki havikukosekana. Ukikohoa usiku, jirani anakuuliza hali asubuhi. Bwana Harish, Mhindi mzaliwa wa Nakuru mwenye duka la kona, alizungumza Kiswahili kizuri kuliko watoto wetu waliozaliwa huku, na alitunza funguo za nusu ya mtaa. Mzazi akichelewa kazini, mtoto alikaa dukani kwake akila biskuti mpaka mama atokee.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Grace. Mama yake, Wairimu, alikuwa nesi kutoka Nyeri. Walikaa mkabala na kwangu, na ukuta wa chumba cha Grace ulikuwa umeota kuvu nyeusi kutoka dirishani hadi sakafuni. Mlizamu, yaani ule mfereji wa ukingoni mwa paa unaopokea mvua, ulikuwa umepasuka, na maji yalishukia ukutani. Isitoshe, kuna fundi wa zamani aliyeubandika ukuta ule simiti. Matofali ya kale hunyonya maji na kuyatoa polepole; ukiyafunika kwa simiti, maji hayana pa kutokea ila ndani. Grace alikuwa na pumu, na mara mbili alipelekwa hospitali kwa ambulensi.

"Kaka Mwadime," Wairimu aliniambia, "nauguza vifua vya watu kutwa nzima, halafu narudi kumlaza wangu kando ya ukuta huu."

Msimamizi wangu wa kwanza alikwisha kustaafu. Nikamfuata Meneja wa Majengo, kijana msomi na mpole, nikamwomba aje kujionea. Akaja. Alivua viatu bila kuambiwa, akanywa chai ya Wairimu, akaweka kiganja ukutani, na kiganja kikatoka kimelowa. Nikamweleza nilichotaka: mlizamu mpya, simiti ibanduliwe, ipigwe lipu ya chokaa inayopumua, na feni ya kutoa mvuke. Alikubaliana nami kwa kila jambo. Akamgeukia Wairimu, akamwambia kwamba hakuna mtoto anayepaswa kulala katika chumba kile. Tulilipokea neno hilo kwa furaha. Hatukujua kwamba anamaanisha hivyo hivyo.

Miezi haikupita mingi, safu nzima ya nyumba za upande wa Wairimu ikatangazwa na shirika kuwa haifai kukaliwa na watu. Kila familia ilitafutiwa nyumba mahali pengine. Wairimu alipangiwa mji wa mbali, nje kabisa ya London, ambako hakuwa na ndugu wala rafiki. Nilikwenda ofisini kwa Meneja.

"Nilikuomba mlizamu," nikamwambia.

"Nao wamepata nyumba kavu," akanijibu. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Nikachukua orodha ya nyumba za kufungwa, nikatoka.

Kazi ya kufunga maji na gesi kwenye nyumba zile ilikuwa yangu. Nilipofika kwa Wairimu, alikuwa anafunga masanduku. Grace aliniuliza kwa Kiingereza kama Bwana Harish atahamia nao. Nikamwambia hapana, nikapiga magoti chini ya sinki, nikafunga koki. Bwana Harish mwenyewe alivumilia kidogo, kisha wateja wakaisha, akafunga duka akaenda kukaa kwa mwanawe.

Niliagwa kwa keki na hotuba ya Meneja. Baada ya hapo, nikiwa mstaafu dirishani kwangu, niliona majukwaa ya mafundi yakisimamishwa ng'ambo. Waliweka mlizamu mpya. Walibandua simiti, wakapiga lipu ya chokaa, wakatia feni. Hawakuvunja chochote, hawakuongeza chochote. Kisha nyumba zikauzwa.

Mama mmoja wa Kiingereza aliyenunua nyumba ya Wairimu alinisimamisha barabarani. Akanisifia mtaa: matofali ya zamani, soko karibu, treni karibu, watu wa kila taifa. Akauliza kama nyumba zile zimewahi kuwa na shida ya maji. Nikamwambia, zamani.

Nimefanya kazi maisha yangu yote nikiamini kwamba ukimwonyesha mkubwa ukuta uliooza, umemsaidia anayelala kando yake. Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, waonyesheni, maana watoto hawawezi kuendelea kupumua kuvu. Ila ulizeni pia, kabla ya kuondoka chumbani, ni nani atalala pale ukishakauka.

Nilimpigia Wairimu simu. Kifua cha Grace kimepona, nami lazima niseme hivyo kwa haki. Lakini Wairimu anafanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee, na binti hubaki peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Nikamweleza nilichokiona.

"Ukuta umekauka?" akauliza.

"Umekauka."

"Kwa mlizamu tu?"

"Mlizamu, lipu na feni."



"Usimwambie Grace," akasema. "Yeye hujilaumu kwamba kifua chake ndicho kilichotuhamisha, na kila siku namwambia haikuwezekana vingine."